Mjomba wa Mwanangu

Jumapili, tarehe 2 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi. Mafunzo ya wiki mbili, uuguzi wa watoto njiti, mji mwingine. Dada yetu wa kazi naye alituaga jana, anakwenda kujifunza ushonaji. Mke wangu alitaka kuahirisha safari. Nikamwambia asithubutu. Nikamwambia nimeshampata yaya, mwanamke mtu mzima, mpole, ana cheti. Akauliza anaitwa nani. Nikasema watu wote wanamwita Yaya tu.

Hakuna yaya.

Mama mkwe alijitolea kumchukua mtoto wiki zote mbili. Ana nyumba kubwa, ana kibustani, muda anao tele. Nimekataa kwa heshima zote. Mwaka tulipooana alisema mbele ya watu kwamba mimi hata paka nisingeweza kumlea. Miaka saba imepita. Sijasahau hata nukta.

Mtoto ana miaka minne na nusu. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki tangu anapofumbua macho.

Jambo kubwa lakini ni nafasi ya Karani Mwandamizi. Usaili ni tarehe 12. Tunaigombea wawili tu: mimi, na karani mwenzangu ninayemwita Baba Pacha, kwa sababu ana mapacha wa miaka mitatu na hazungumzi kingine. Meza yake imejaa picha zao. Ananukia poda ya watoto. Kwenye fomu ya maombi kuna swali: je, una majukumu ya malezi? Yeye kajaza mistari minane, nimeiona kwa macho yangu. Mimi nimeandika Hapana, nikapiga mstari chini yake. Nani ampe cheo mtu wa mistari minane?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimempeleka Chiriku kazini. Sikuwa na njia nyingine. Tumepita mlango wa nyuma, mlinzi akiwa ameinamia kitabu chake cha magari.

Masjala yetu iko chini kabisa ya jengo. Rafu kumi na moja za chuma, vumbi, harufu ya gundi, na dirisha moja dogo linaloonyesha viatu vya wapita njia. Nikamketisha nyuma ya rafu ya nne na kitabu cha kuchora. Alinyamaza dakika tatu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kufika ghorofa ya pili, kama haya mafaili yote yamelala au yamekufa. Baba Pacha akainua kichwa. Nikamwambia ni redio. Akasema redio hiyo ina maswali mazuri.

Saa nne akataka kwenda chooni. Kwenye korido tukagongana na Mkuu wa Masjala. Huyu ni mama mtu mzima, tunamwita Mama Mkuu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, hajawahi kupaza sauti na ndiyo maana tunamwogopa. Akauliza huyu ni nani. Ulimi ukateleza. Nikasema ni mtoto wa dada yangu, dada amelazwa.

Sina dada.

Akasema pole sana, anaumwa nini. Nikasema mguu. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akarudi kwa mtoto. Akasema kwa leo si neno, ila masjala si mahali pa mtoto.

Jioni nimemkalisha Chiriku nikamweleza. Tukiwa kazini, asiniite Baba. Aniite Mjomba. Akauliza Baba atakuwa amekwenda wapi. Nikamwambia Baba atakuwepo, ila kimyakimya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Chiriku ameingia ofisini ndani ya boksi la karatasi, juu ya kitoroli. Mlinzi amenisaidia kusukuma. Kasema karatasi za siku hizi nzito.

Mama mkwe amepiga simu saa saba mchana. Anataka kumsalimia yaya. Nikamwambia nimerudi nyumbani kula, asubiri nimwite. Nikahesabu mpaka kumi, nikabana pua, nikasema shikamoo mama kwa sauti nyembamba. Akaitikia marahaba. Akauliza mtoto kala nini. Nikasema mkate na yai. Akauliza yaya mwenyewe ana watoto wangapi. Nikasema sita. Sijui kwa nini sita. Akaridhika, akaomba arudishiwe mkwewe. Nikahesabu tena mpaka kumi. Akaniambia yaya ana adabu kunishinda, ila nimpeleke akapimwe kifua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mkuu wa Masjala kapitisha kadi ya kumtakia dada yangu afya njema. Idara nzima imetia sahihi. Baba Pacha kaandika maneno mengi ya kutia moyo kuhusu miguu. Mama Mkuu akauliza wodi gani, wanataka kwenda kumwona Jumamosi. Nikasema amehamishiwa hospitali ya mbali. Na mtoto je? Nikasema kachukuliwa na bibi yake.

Wakati huo mtoto yuko nyuma ya rafu ya tisa, hatua kumi na mbili kutoka tuliposimama.

Rafu ya tisa ni ya mafaili yaliyofungwa. Hakuna anayeyagusa. Nimemtandikia koti langu katika tundu la chini na kumfundisha mchezo wa faili. Sheria zake nimezitunga mwenyewe na naona ni nzuri. Faili halisemi. Faili halisogei mtu akipita. Faili likiitwa haliitiki, hata aite nani, hata nikiita mimi, kwa sababu huenda nimesimama na watu. Faili linatoka tu likisikia nagonga chuma mara tatu. Likikaa vizuri mpaka jioni, limeshinda, linapata biskuti.

Leo amekaa saa nzima bila kutoa sauti. Sikuamini. Nimekwenda kuchungulia mara mbili kuhakikisha anapumua.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku tatu mfululizo Chiriku ameshinda. Ana kipaji.

Leo Mkuu wa Masjala kasoma waraka mpya. Mtumishi yeyote mwenye mtoto mdogo anaruhusiwa kutoka saa tisa alasiri, amalizie kazi kwa mpango maalumu. Akauliza nani ana haja. Baba Pacha akanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Mama Mkuu akanigeukia mimi. Akakaa ananitazama, miwani mkononi, muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mtu kumtazama mwenzake. Akasema, "Na wewe baba, huna la kusema?"

Nikasema sina. Nikasema mimi niko huru hata mpaka magharibi.

Saa tisa Baba Pacha akafunga mkoba wake akaondoka. Nilimwonea huruma, mtu kujiharibia namna ile mchana kweupe. Mimi nimebaki mpaka saa kumi na moja na nusu, nikihakikisha Mama Mkuu anaona taa yangu inawaka. Nilipogonga mara tatu, Chiriku hakutoka. Alikuwa amelala. Shavuni alikuwa na alama ya kamba ya faili, imezama kama chapa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku mbaya.

Nimempeleka Chiriku kwenye bembea. Alikaa juu yake, hakusema neno. Watoto wengine wakapiga kelele mpaka wakakauka koo. Nikamuuliza kama anataka nisukume. Akatikisa kichwa kukubali. Nilipomteremsha akasema, "Asante, Mjomba."

Nikamwambia hapa si kazini. Akatazama huku na huku, akauliza kwa kunong'ona kazini kunaishia wapi.

Tuliporudi tumemkuta mama mkwe ameketi kizingitini na mfuko wa machungwa. Kaja kumwona yaya uso kwa uso. Nikasema yaya katoka kidogo, kaenda dukani. Akasema atamngoja. Kamngoja kwa muda wa saa tatu nzima. Nilitoka mara mbili kumtafuta yaya, nikazunguka nyumba, nikarudi nahema. Mama mkwe muda wote alikuwa anamwangalia mjukuu wake. Anamsemesha, mtoto ananiangalia mimi kwanza, kisha anajibu kwa kichwa.

Akaniuliza kama yaya anampiga mtoto. Nikasema yaya hana hata mkono wa kuua nzi. Akasema mtoto huyu alikuwa na maneno ya kujaza gunia, yamekwenda wapi, huyo yaya wako ana jambo. Nikajikuta namtetea yaya kwa uchungu mkubwa. Nikasema yaya anajitahidi. Nikasema watu hawajui mzigo alioubeba yaya, wanahukumu tu. Mama mkwe akanishika bega, akasema, "Sawa, mwanangu, nimesikia." Akaondoka. Machungwa kaacha.

Jioni mke wangu kapiga simu. Alitaka kumsikia mtoto. Chiriku akashika simu kwa mikono miwili, akaibana sikioni, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu. Mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikasema mtandao mbaya.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Chiriku ana kikohozi. Si kikubwa, lakini faili halikohoi. Nimebuni mbinu: kila akikohoa, nami nakohoa papo hapo, kwa nguvu zaidi. Kufika saa sita koo langu lilikuwa kama msasa. Baba Pacha kaniletea maji ya moto. Kasema nikapumzike, kazi yangu ataimalizia. Mtu mjanja sana huyu. Anataka nisiwepo siku moja kabla ya usaili. Nimekunywa maji yake na kumkatalia mengine yote.

Kuna tangazo limebandikwa mlangoni. Sikulisoma. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kujieleza mbele ya jopo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea.

Saa nne nimeitwa kwenye usaili, ghorofa ya tatu. Nilimwachia Chiriku chupa ya maji na mkate, nikamwambia leo mchezo ni mrefu kidogo, na biskuti zitakuwa mbili. Jopo la watu watatu, Mama Mkuu katikati. Nilijieleza vizuri. Waliuliza mtu wa masjala anapaswa kuwa na sifa gani kuu. Nikasema ni kujua kila kitu kiko wapi.

Nilishuka saa sita kasoro. Rafu ya tisa ilikuwa tupu. Si mtoto peke yake. Mafaili yote hayakuwepo. Chuma kitupu kuanzia juu mpaka chini. Koti langu limekunjwa vizuri juu ya meza ya Baba Pacha. Nikamuuliza mafaili yako wapi. Akasema, kwani hukusoma tangazo? Leo ni siku ya kuteketeza mafaili yaliyofungwa. Vibarua wamekuja, wametia kwenye maboksi, lori liko uani linapakia la mwisho.

Kwanza nilitafuta kimya. Hilo sitajisamehe. Mwanangu hayupo na mimi natembea kwa vidole, nachungulia chini ya meza, natabasamu kila mtu akipita. Nilipoteza dakika kumi hivi. Kisha nikasikia lori linawashwa, na hapo nikapiga kelele. Nililiita jina lake mpaka watu wakatoka vyumbani.

Mama Mkuu kateremka ngazi. Akauliza ninamtafuta nani.

"Mtoto," nikasema.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu. Ni mwanangu, Mama. Nilimweka humo."

Hakuniuliza zaidi. Alitembea kwa haraka ambayo sikujua anayo, akasimama mbele ya lori na mikono yake miwili kaitandaza. Mlinzi akafunga geti. Tukateremsha maboksi yote. Themanini na kitu. Wahasibu, wapiga chapa, dereva mwenyewe, wote wamepiga magoti uani wanafungua maboksi. Kila boksi likifunguliwa nilikuwa naogopa kuangalia na naogopa kutoangalia. Hakuwemo.

Tukarudi ndani. Watu ishirini wakawa wanaita Chiriku, Chiriku. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni nalia kwa sauti, sifichi. Hakuna aliyeitika. Saa nzima ikapita namna hiyo. Mlinzi akasema atakuwa ametoka nje, barabarani. Barabara ile ina malori tangu asubuhi mpaka jioni.

Ni Baba Pacha aliyechuchumaa karibu yangu. Akasema wanawe wakiogopa hawaitiki jina, wanaitika wimbo fulani wa kuogea. Akaniuliza taratibu, "Huyu wako anaitika nini?"

Nikainuka. Nikaenda rafu ya kwanza, nikagonga chuma mara tatu. Kimya. Ya pili, mara tatu. Ya tatu. Sikuweza kuhesabu sawasawa, nikawa narudia. Watu wote wamesimama hawaelewi. Nilipogonga rafu ya kumi na moja, mlango wa kabati la ramani lililo nyuma yake ukasogea kidogo na mkono mdogo ukatoka.

Alikuwa mweusi kwa vumbi. Alikuwa amejikojolea. Vibarua walipokuja alitambaa mpaka kule, kwa sababu faili halitakiwi kuonekana. Alikuwa ametusikia muda wote. Alinisikia nikimwita na alinisikia nikilia, akajiziba mdomo kwa viganja viwili asije akaitika.

Akanitazama, akawatazama watu wote, akachagua neno lake kwa uangalifu.

"Mjomba," akasema, "nimeshinda?"

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mkuu wa Masjala kaniita saa mbili asubuhi. Aliniambia nije na mtoto. Akampa Chiriku karatasi na muhuri wa zamani apige anavyotaka. Mimi akaniambia niketi.

Hakupaza sauti. Alisema tangu siku ile ya korido alijua, mtoto ana pua yangu na masikio yangu, dada asingeweza kumzaa. Alisema yeye mwenyewe aliwalea wanne akiwa karani, wa mwisho alimnyonyesha nyuma ya kabati hilo hilo la ramani. Alingoja niseme. Nilipokaa kimya akaenda juu kwa wakubwa akaomba ule waraka wa saa tisa. Akausoma mbele yetu ili nipate pa kuanzia. "Niliuomba kwa ajili yako," akasema. "Nikakuuliza mbele ya watu, ukaniambia uko huru."

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama muhuri. Chiriku alikuwa anagonga IMEFUNGWA, IMEFUNGWA, kwenye karatasi nzima.

Nafasi kapewa Baba Pacha. Jopo lilisema mtu anayeweza kujaza mistari minane kuhusu wanawe atajua pia kujaza rejista. Mimi nimepewa barua ya onyo na, katika bahasha hiyo hiyo, ruhusa ya kutoka saa tisa. Mama Mkuu akaniomba jambo moja tu: kuanzia leo, niseme ukweli. Nikaahidi. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Baba Pacha kanikuta nimejifungia chooni. Kanipitishia leso yake chini ya mlango. Inanukia poda. Nimeitumia yote.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mke wangu amerudi. Alipiga magoti mlangoni na kufungua mikono. Chiriku alisimama pale pale. Kisha akageuka kunitazama, akisubiri nimruhusu. Mke wangu aliliona hilo. Mikono yake ikabaki wazi hewani.

Nimemweleza. Yote, isipokuwa lori. Halafu na lori pia, kwa sababu Chiriku alilisema mwenyewe, sentensi ya kwanza ndefu tangu wiki iliyopita. Mke wangu alikuwa anakunja nguo za safari. Akaikunja blauzi moja mara nne, akaikunjua, akaikunja. Aliuliza kitu kimoja. "Mama yangu yuko hatua chache kutoka kituo cha basi. Kwa nini hukumpa yeye?"

Nilifikiria jibu jioni nzima. Lile la paka halikufaa.

Kesho anaanza zamu za saa kumi na mbili asubuhi. Kasema hataki yaya, hataki mbinu. Mtoto atafutiwe shule ya awali karibu na kazini kwangu, ya kawaida, kwa njia ya kawaida. Nimesema ndiyo kwa kila alichosema.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Shule ya awali iko mtaa wa nyuma. Pasafi. Madirisha makubwa, vikombe vimetundikwa kwa majina, watoto wanaimba hovyo na hakuna anayewanyamazisha. Chiriku alisimama mlangoni, akatoa sauti kidogo. Akaanza kumweleza mtoto mwingine jambo refu kuhusu kiatu chake. Nikageuza uso nisionekane.

Mwalimu mkuu ni dada mpole sana. Akasema kwa masikitiko kwamba wamejaa. Foleni ya watoto arobaini, labda Agosti. Kuna nafasi moja tu imebaki, nayo kwa utaratibu wao hutengwa kwa mtoto aliyefiwa na mzazi.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Fomu iko mbele yangu. Kutoka ndani nilikuwa nasikia sauti ya mwanangu, inapanda, inauliza maswali.

Jina la baba: nimeandika langu. Kazi ya baba: karani. Majukumu ya malezi: nimejaza mistari kumi, ya kweli tupu.

Jina la mama: nikaandika jina, na mbele yake, kwa herufi ndogo, marehemu.

Ni fomu tu. Mke wangu ana zamu za asubuhi, pale hatafika kamwe. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akafuta macho. Hakuuliza alikufa kwa nini; hata mguu sikuuhitaji. Chiriku anaanza kesho saa mbili.

Njiani nimemwambia jioni tutafanya mazoezi kidogo, namna ya kuitikia watu wakikupa pole. Akaniuliza pole ya nini. Nikasema tutajua tukifika.